Marufuku kusema "kwa sababu"

Huu ni mwaka wangu wa tano nikiwa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi iliyo kandoni mwa ziwa, upande wa Ilemela, Mwanza. Ukisimama mlangoni mwa ofisi yetu unaona dagaa walioanikwa juu ya miamba, na upepo ukigeuka harufu inaingia mpaka darasa la sita. Nataja dagaa mapema kwa makusudi.

Vikao vyetu vya matokeo vilikuwa hivi. Nasimama, nasoma wastani wa kila somo. Hisabati darasa la nne, 19 kati ya 50, yaani D. Kimya. Mmoja anasema wazazi wa huku hawana mwamko. Mwingine anasema watoto wanapandishwa darasa bila kujua kusoma, na hapo mwalimu wa darasa la pili ananuna mpaka mwisho. Mwalimu mkuu anafunga kwa kusema tuongeze bidii, nami naandika kwenye muhtasari: "Walimu waongeze bidii." Ninayo mihtasari mitatu yenye sentensi hiyohiyo, mwandiko wangu mwenyewe.

Siku moja kwenye MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, mwezeshaji alituletea utaratibu wa majadiliano ambao asili yake ni shule za Marekani. Kwanza, kabla ya kuliona jedwali, kila mtu anaandika anachotarajia kukiona. Pili, jedwali linafunuliwa, na kwa muda uliopangwa mnasema mnachokiona tu: namba hii imeshuka, ile imepanda. Sababu hazitajwi. Tatu ndipo mnakisia sababu, na kila anayekisia aseme ni kitu gani kingine tukiangalie ili tujue kama amekosea. Mambo ya kufanya yanakuja mwisho kabisa. Kuna mtunza muda, na kila mtu anapewa zamu, hata mwalimu wa kujitolea aliyeripoti juzi.

Nilidhani ni mchezo wa kupoteza saa nzima. Tukaweka kikombe mezani: ukitamka "kwa sababu" katika hatua ya pili, shilingi 200. Dakika tano za kwanza kikombe kilikula shilingi 1,400. Sisi walimu kuona bila kueleza hatuwezi. Tumezoea kueleza, ndiyo kazi tunayolipwa.

Kikao ninachotaka kusimulia kilihusu mahudhurio ya darasa la nne. Katika hatua ya utabiri niliandika, tena kwa uhakika, kwamba utoro utakuwa mkubwa siku ya gulio. Mzee wetu wa Hisabati naye akaandika gulio. Jedwali nilikuwa nimelichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila, wiki kwa wiki, kila siku na namba yake, badala ya mwezi kwa mwezi. Sikuwa na akili yoyote ya ziada, ila mwezeshaji alisema tuchore hivyo.

Likafunuliwa. Siku ya gulio haikuwa na tofauti na siku nyingine. Utabiri wangu ulikuwa umebandikwa ukutani kwa mwandiko wangu, kwa hiyo sikuweza hata kujifanya nilikuwa nimewaza jingine. Nadhani ndiyo maana wanakulazimisha uandike.

Zamu zikazunguka. "Naona wiki mbili chini." "Naona wiki mbili juu." "Naona inajirudia." Mzee akafungua mdomo, akakitazama kikombe, akaufunga. Mtunza muda alipotangaza hatua ya tatu, kijana wetu anayefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, akanyoosha mkono. "Samahani Madam, hizi wiki za chini, mwezi ulikuwaje?"

Nikamuuliza mwezi upi. "Wa juu," akasema.

Mlio mbali na ziwa niwaeleze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Taa ndizo zinazowavuta, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, mitumbwi inapumzika. Siku za giza mzigo unashuka alfajiri na lazima uanikwe jua linapochomoza, ukauke, uingie magunia, uende soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Nyumba nzima inatoka, na mtoto wa darasa la nne ana mikono miwili kama wengine.

Tulihakikishaje? Mwalimu wa Uraia alikuwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, nyuma ya meza yake. Mwezi wa pale unaandama gizani, na tarehe 13, 14 na 15 ni siku za mbalamwezi. Tukaishusha, tukaiweka juu ya manila. Mabonde yote ya jedwali yaliangukia mwisho na mwanzo wa mwezi wake. Mwalimu mkuu alirudia kuhesabu mara mbili kwa kalamu.

Kilichoniuma ni hesabu zangu mwenyewe. Miaka yote nimekuwa nikituma wastani wa mahudhurio wa mwezi. Kila mwezi una giza lake na mbalamwezi yake, kwa hiyo wastani unatoka uleule, mzuri, wa kuridhisha. Tena giza halikai tarehe moja: mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo hata ungelinganisha Machi ya mwaka huu na ya mwaka jana usingeona kitu.

Mzee akatoa azimio lake la kazi, yaani mpango wake wa nini anafundisha wiki gani. Kujumlisha sehemu, mada iliyowaangusha watoto wengi, aliifundisha wiki ya giza. Hakusema lolote kwa muda. Kisha: "Basi niliwafundisha madawati."

Tulikubaliana mada mpya ziingie siku za mbalamwezi, siku za giza ziwe za marudio. Tulimwona pia mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi hapa mwaloni, akaahidi kusema na kina mama mwaloni. Ahadi hiyo sijaona matunda yake. Na mwalimu wa darasa la pili bado ana neno na mimi, anasema hata kwa utaratibu huu mpya, mwishoni lawama zinamfikia yeye tu.

Fedha ya kikombe tulinunulia maandazi. Mimi nililipa kuliko wote. Kalenda sasa iko kwa Mzee, kando ya azimio lake. Giza linaanza Alhamisi, na jaribio la sehemu amelisogeza liwe Jumanne, kabla ya giza.