Siku moja na rangi za maji, na bucha ya Limuru

Saa kumi na mbili asubuhi niko macho, mtaa wa Umoja, Nairobi, baridi ya Julai inauma hadi vidole. Chai na mkate wa jana, basi. Siwezi kupaka rangi na taa, stima inadanganya, manjano unaiona kama nyeupe, so nangoja mwanga ufike dirishani.

Saa mbili naanza. Oda ni ya mama mmoja anaishi Marekani, alizaliwa Limuru, anataka bucha ya babake vile ilikuwa 1968. Picha aliyonitumia ni moja tu, haina rangi, kona imekunjwa. Reli ilifika Kisumu 1901 na kando yake ndio hizi taun zilijipanga, Kikuyu, Limuru, Naivasha, ndio maana karibu kila mteja wangu ana stesheni ama duka la mabati kichwani. Mimi nalipia karatasi nzito ya pamba, gramu 300 kwa mita mraba, kwa sababu ile ya bei rahisi ikilowa inajikunja kama chapo.

Kutu ndio napenda. Unalowesha paa, unadondosha rangi ya siena, ile kahawia ya udongo, halafu bluu kidogo pembeni, unatoa mkono. Ukiishika shika inakuwa matope. Ukungu wa Limuru nao haupakwi, unauacha karatasi tu, na hapo ndio watu wengi wanashindwa, wanataka kujaza kila mahali.

Saa tano simu. "Kijana wangu, umeweka yale maandishi meupe ukutani?" Maandishi gani mama? "DUKA LA NYAMA, juu ya mlango." Na ukuta nishapaka bluu, umekauka. Kwa rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe, ukishaifunika imeenda. Kuna wasanii wanafichaga na kalamu nyeupe. Mimi niliapa siwezi.

Karatasi mpya. Nikala ndengu kwa mama wa kibandani, nikarudi.

Saa nane nikaandika zile herufi na gundi ya kuzuia rangi, hii ya mpira, na brashi mzee kwa sababu inaharibu nywele za brashi kabisa. Halafu bluu juu yake. Na hii baridi haikauki, nikachukua drayer ya nywele ya sista, dakika kumi tokeni zikaisha. Sista hakufurahi, tuache hapo.

Saa kumi na moja jioni imekauka. Hii ndio sehemu tamu: unasugua gundi na kidole polepole, inajiviringa kama ugali mkavu, na chini herufi zinatoka nyeupe safi, D, U, K, A... Nikapiga picha, nikatuma.

Akatuma voisi noti. Mwanzo ni kupumua tu, kama mtu anatafuta miwani. Halafu akacheka. "Ni yenyewe! Lakini kijana, ile N ilikuwa imeandikwa kinyume. Baba aliandika mwenyewe, hakuwa amesoma sana, na watu walikuwa wanamcheka, akakataa kuifuta."

Nikaiangalia hiyo N karibu dakika tano. Karatasi imebaki moja na ni ya stesheni ya mtu mwingine.

Saa mbili usiku nimefunika mstari mmoja na bluu, na niko na kalamu nyeupe mkononi, msiambie mtu.