Kisima cha Binsey si pa kuchokonoa

Inaudhi kukuta kopo la jiokeshi mfuniko umeegeshwa tu, daftari la ndani limekuwa uji. Mtu ametembea saa nzima kulitafuta, kaandika jina lake, halafu kubana mfuniko kumemshinda. Pakiwa jirani na kisima kitakatifu, hasira inakuwa mara mbili.

Kwa wasioujua mchezo huu wa jiokeshi (geocaching): mtu anaficha kopo lenye daftari, anatangaza namba zake za GPS, wengine wanalitafuta, wanasaini na kulirudisha palepale. La kwanza lilifichwa Oregon tarehe 3 Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS ya raia. Ndugu zangu mnaokuja kusoma huku, msidanganywe kwamba Uingereza kila wikendi lazima itoboe mfuko. Mwaka 2025 kikomo cha nauli ya basi England kilikuwa pauni 3 kwa safari moja, na hesabu ya shilingi mnaijua. Mchezo huu ni miguu, simu na penseli.

Binsey iko nje kidogo ya Oxford, ng'ambo ya mto Thames. Kanisa la Mtakatifu Margaret liko mbele ya kijiji, mwisho wa barabara nyembamba, na halina umeme. Upande wake wa magharibi zipo ngazi chache za mawe za kushukia kisimani. Masimulizi yanasema Frideswide, binti wa kifalme anayekumbukwa kuwa alifariki mwaka 727, alikimbia kuozwa kwa nguvu kwa mtawala aitwaye Algar. Algar akapofuka, Frideswide akamwomba Mtakatifu Margaret wa Antiokia, maji yakabubujika, na kwa maji hayo yule bwana akaona tena. Wagonjwa wa macho wakawa wanakuja. Maji yaliitwa "treacle", neno ambalo zamani lilikuwa la dawa, kabla halijawa la sharubati nzito ya sukari. Kisima kilikarabatiwa mwaka 1874.

Mtu wa Pwani haelezwi sana hapo. Anajua vitambaa vya mzimuni, anajua kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, haingiwi ovyo wala mti wake haukatwi. Munlochy, Uskochi, hadi leo watu wanafunga vitambaa kwenye miti ya kisimani. Basi heshima uliyolelewa nayo usiiache uwanja wa ndege. Ukitaka kuficha kopo mahali kama hapa, usiweke kisimani, wala using'oe jiwe ukutani. Omba ruhusa ya mwenye ardhi. Uwanja wa kanisa una wenyewe. Usichimbe, sheria za mchezo zinakataza bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi, na kopo lako liwe mita 161 au zaidi kutoka kopo la mwingine.

Kando ya mto, adui ni unyevu. Kopo la filamu ya kamera linavuja, na bakuli la plastiki laini hupasuka baridi ikikaza. Chukua lenye vishikizo vinne na mpira wa silikoni kwenye mfuniko, au kile kichupa kinene cha soda ambacho hakijapulizwa kiwandani kuwa chupa kamili. Kifuniko chake cha kuzungusha hakipitishi tone. Chembe moja ya mchanga kwenye mpira inatosha kuingiza maji, kwa hiyo ufute kwa kidole kabla ya kufunga. Weka penseli, kwa kuwa wino wa kalamu husambaa. Chakula hapana, wanyama watalitafuna. Andika nje kwamba ni jiokeshi, na likiwa la kuonyesha ndani ni bora zaidi: mwaka 2011 kule Wetherby kikosi cha kutegua mabomu kililipua moja kwa kudhaniwa ni bomu.

Namba nazo zina mtego. Nyumbani tumezoea E, yaani mashariki: Dar, Mombasa, Kampala zote ni E. Binsey ni W 001°, yaani magharibi, na ukiandika E mshale utakupeleka baharini, nje ya pwani ya Essex. Kosa la 0.001 ya dakika ni mita 1.85 kaskazini-kusini, kama 1.15 mashariki-magharibi. Chini ya miti na kando ya ukuta simu hukosea mita kumi au zaidi, basi itulize dakika kadhaa, urudie siku nyingine, uchukue wastani.

Mtu mweusi akipapasa ua wa kanisa la kijijini atatazamwa. Inachosha, na hatukustahili. Lakini usijifichefiche: simu mkononi, salamu ya wazi, sema unachotafuta. Wapo wazee wanaoujua mchezo na watakusindikiza hadi getini.

Vaa suruali ndefu, kuna majani yanayowasha kama upupu, na kupe. Majira ya baridi angalia kwanza taarifa za mafuriko: Port Meadow, ng'ambo ya mto, hugeuka ziwa, na njia ya mtoni huweza kuzama. Siku hiyo pita barabara ya Botley.