Vipande vya Vitenge vya Mama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Matendo 9:36-42.

Tangu mama alale katika Bwana, natembea na kimfuko kidogo ndani ya mkoba: sindano mbili, uzi, subana, mkasi mdogo, na vipande vya vitenge vyake nilivyovikata kwa kipimo kimoja. Naunga mfarishi, yaani shuka zito la vipande vya nguo vilivyoshonwa pamoja, kwa mkono. Cherehani ninayo, na ingemaliza kazi hii kwa siku chache, lakini siwezi kuibeba kliniki ninakompeleka baba kila mwezi kwa ajili ya presha.

Basi pale kwenye benchi naweka vipande viwili vikitazamana upande wa mbele. Nyuma nimeshachora mstari kwa penseli, robo inchi kutoka ukingoni. Napiga bandi fupifupi juu ya mstari huo, na kila baada ya hatua tano au sita narudi nyuma hatua moja ili uzi usilegee. Siku nyingine namaliza mstari mmoja tu, tunaitwa.

Nikiwa hapo humkumbuka Tabitha wa Yafa, yule mwanafunzi aliyeugua akafa, ndugu wakatuma Petro aitwe. Maandiko hayakutuwekea neno hata moja alilolisema. Petro alipopandishwa orofani aliwakuta wajane wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hebu fikirini, kila mshono ule ulipita vidoleni mwake! Sura hiyohiyo inaanza na Sauli kuangushwa na nuru njia ya Dameski, na sisi tunazipenda mno shuhuda za ghafla namna ile. Mungu wa njia ya Dameski aliihesabu na sindano ya Tabitha.

Huko Gee's Bend, Alabama, kwenye jamii ya Wamarekani weusi waliolima pamba, Missouri Pettway alifiwa na mumewe baada ya kumuuguza miezi kama minane. Mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za marehemu akaziunga mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika upendo wake. Binti yake Arlonzia ndiye aliyemsaidia kuzichana. Alisimulia kwamba mguu wa suruali ni mwembamba chini na mpana juu, hivyo ilibidi aukate mpaka vipande vilingane. Nikisoma hapo huwa naona mikono ya yule binti, imeshika suruali ya baba yake na mkasi.

Kitenge kimoja cha mama kina doa la mawese, pale alipozoea kufutia mkono. Nilitaka kukitupa, nikashindwa. Nimekiweka katikati.

Mwezi uliopita baba alikiona mapajani mwangu. Tangu mazishi alikuwa hajamtaja mama. Akakichukua, akakigeuza.

"Hiki alikivaa siku ya kipaimara chako," akasema.

Sindano ilikuwa bado inaning'inia kwenye uzi. Sikumwomba anirudishie. Alikishika hivyo hivyo mpaka muuguzi alipoita namba yetu.