Dakika 31 za baba

Baba aliondoka Unguja kwenda Muscat mwaka 1986, mie nina miaka saba, na toka siku ile mpaka anafariki baba kwangu alikuwa kaseti. Simu ya nje ilikuwa mpaka uende mjini ukapange foleni, ulipe pesa nyingi, halafu nusu ya muda wenyewe unaishia kwenye "haloo, wanisikia?", na barua bibi zilikuwa hazimtoshi, alikuwa anataka kumsikia mwanawe. Basi baba akawa anajirekodi. Akipata mtu anakuja Unguja anampa kaseti imeviringishwa ndani ya kanzu, na mtu akishafika tu tunatumiwa habari, njooni mchukue mzigo wenu.

Tulikuwa tunasikiliza baada ya Isha. Busati linatandikwa ukumbini, redio kaseti ya National inawekwa juu ya kigoda mbele ya bibi, na hapo hakuna ruhusa hata ya kukohoa. Baba anaanza na salamu ndefu, hali yangu njema wa hofu ni juu yenu, halafu anataja mmoja mmoja kwa jina, na akishamtaja mtu ananyamaza kidogo. "Mama, hujambo?" Kimya. Na bibi ataijibu ile redio, "Sijambo mwanangu, sijui wewe," na wallahi baba alikuwa anajua urefu wa jibu la mama yake, kwa sababu bibi akimaliza tu ndio naye anaendelea. Sijaona tena kitu kama kile mpaka leo, na simu zote hizi za video.

Lakini kaseti zenyewe hatukuwa tukiziweka. Kaseti tupu pesa, kwa hiyo tukishasikiliza tunamjibu juu ya ile ile, sauti yake inafutika inakaa yetu, inarudi Muscat, naye anafuta anarekodi tena. Utepe wa kahawia ambao upana wake haufiki hata milimita nne ulikuwa unakwenda na kurudi baharini huku na kule umebeba ukoo mzima. Hakuna aliyeona tabu maana nyengine si inakuja.

Isipokuwa moja. Ilikuja mwaka 1991, ya dakika 90, yaani 45 kila upande. Upande wa kwanza salamu za kawaida, upande wa pili baba alizungumza na bibi peke yake. Alimkumbusha mambo ya utoto wake, marehemu babu, siku aliyoondoka, akamuomba radhi kwa kuwa mbali. Sisi watoto tulitolewa nje, vipande tu nilivisikia dirishani. Ilipokwisha bibi akamwita ami akamwambia kaseti hii isiguswe, na ami akachukua kisu akavunja vile vijino viwili vya plastiki vya nyuma. Wakubwa wenzangu mnavijua. Kikishavunjwa, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena.

Bibi alikuwa na heshima yake na sauti. Alikulia zama za santuri, alikuwa akituhadithia namna Siti binti Saad alivyosafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kutia sauti yake kwenye sahani, safari ya baharini yote ile kwa ajili ya nyimbo. Siti alifariki mwaka 1950 na bibi bado alikuwa anamsikia redioni. Kwa hiyo aliposema isiguswe alikuwa anajua anasema nini.

Sasa usiku wa kuamkia Sikukuu, mwaka 1992. Nina miaka 13, redioni wanapiga taarab, na kuna nyimbo ambayo mie na wenzangu tulikuwa tunaitaka tuiweke nyumbani kesho yake tukishavaa. Kaseti tupu hakuna, maduka watu wamejaa na pesa sina. Nikafungua kabati la bibi. Nikakunja kipande cha karatasi ya daftari la skuli nikakisokomeza kwenye kile kitundu kilichoachwa na kijino kilichovunjwa, ili kitufe kibonyezeke, nikabandika selotepu juu yake, nikageuza upande wa pili, nikabonyeza vitufe viwili pamoja. Sikujidanganya kwamba ni kaseti nyengine. Nilijua. Nilijiambia nitarekodi nyimbo moja tu mwanzoni, pale penye bismillahi na salamu, halafu nitazima. Lakini nyimbo za taarab ndefu mnazijua, na ilipokwisha ikaja nyengine nzuri zaidi, na mie nikaiwacha inakwenda mpaka umeme ukazimika.

Siku ya pili, watu wamekuja kumpa bibi mkono wa Idi, bibi akasema nitilieni mwanangu nimsikie na yeye. Ami akaitia. Kikaanza kinanda na fidla. Ami akadhani kakosea kaseti akaitoa, akaiangalia, akaliona lile karatasi. Hakusema kitu, akamuonyesha bibi. Bibi alinitizama mie moja kwa moja, hakuuliza nani, akasema, "Basi, zima." Hakunipiga, hakunisema siku ile wala siku nyengine. Baba aliugua ghafla mwaka uliofuata akafariki na akazikwa huko huko.

Sikuisikiliza ile kaseti kwa miaka 22. Bibi alipofariki niliichukua mie na hakuna aliyenizuia.

Mwaka 2014 nilimpelekea kijana mmoja Darajani anayehamisha kaseti kutia kwenye flashi. Alichomeka waya kwenye tundu la hedifoni la redio yake, upande wa pili kwenye laptopu, akabonyeza pleya, na mie nikaona kwa macho nilichokifanya. Kwenye skrini sauti inatoka kama mchoro. Nyimbo zangu zimejaa juu mpaka chini, pande nene kama ukuta, dakika 31. Halafu kimya kifupi sana, kwa sababu kichwa cha kufutia kinakaa mbele ya kichwa cha kurekodia na umeme ulipozimika kile kipande katikati kilikuwa kimeshafutwa hakijaandikwa kitu. Halafu mistari midogo midogo, na baba akatoka katikati ya sentensi.

Kaseti inakwenda karibu sentimita tano kwa sekunde. Nimepiga hesabu, nilimfuta karibu mita 90.

Yule kijana akauliza, "Dada, hizi nyimbo nizikate?" Nikamwambia ziwache. Zikikatwa, mwenye kusikiliza atadhani baba alianzia pale.

Zimebaki dakika 14. Nimezitia kwenye flashi mbili, kwenye kompyuta ya mwanangu na kwenye imeili, maana simu nimeshaibiwa na voisi zote za mama za mwaka mzima zikapotea nayo, wakati kaseti ya 1991 bado inalia. Halafu nikaituma kwenye grupu la ukoo, Unguja, Muscat, London, na nikaandika kila kitu, lile karatasi, selotepu, kabati, maana wengi walikuwa hawajui. Shangazi alirudisha voisi analia tu, hana neno. Wengine walinisema na walikuwa na haki.

Neno la kwanza la baba linalosikika ni hili: "...ndio maana nikawaambia hapana, huyo mwachieni mama." Sasa grupu zima linabishana huyo ni nani. Ami anasema ni yule mbuzi waliyefuga wakati wa utoto wao, shangazi anasema si mbuzi, ni yeye, alipokuwa mdogo walitaka kumpeleka Pemba akalelewe kule. Mama anasema baba aliwahi kumtajia kisa hicho lakini mwanzo wake ameusahau. Aliyekuwa anajua ni bibi, na mie niliishi naye nyumba moja miaka yote ile na sikuthubutu kumuuliza.