Kuagiza msosi kwa simu China: ya kujua kabla hujaondoka Dodoma

Hapa Dodoma kuletewa chakula ni shughuli ya mdomo. Unaona kuku na chipsi kwenye status ya mtu, unapiga simu, unasema "nipo Kisasa, ukifika barabarani nishtue." Boda anakuja, mnaelekezana mpaka mnaonana, unamrushia hela kwa M-Pesa, yameisha. Kilichokosewa kinarekebishwa hukohuko njiani.

China huo mwanya haupo. Anayekuletea hana Kiingereza, sembuse Kiswahili. Amebeba mifuko ya wateja wengine kadhaa, na programu inamhesabia dakika. Kila unachotaka kumwambia uwe umeshakiandika kabla ya kubonyeza kulipa. Kwa mnaoondoka UDOM, St. John's au kwingineko kwenda kusoma kule, usumbufu karibu wote unatokea kwenye mambo matatu: malipo, laini na anwani. Kuchagua chakula chenyewe ni kazi ndogo.

Programu kubwa ni Meituan, yenye rangi ya njano. Upande wa kampuni ya Alibaba kuna Taobao Shangou (淘宝闪购), iliyoitwa Ele.me mpaka mwishoni mwa 2025. Siku za mwanzo huna haja ya kuzipakua, kwa sababu Meituan inafunguka ndani ya WeChat, programu yao ya kuchati, na Taobao Shangou ndani ya Alipay, programu ya kulipia. Unachohitaji ni WeChat na Alipay, na hizo zipakue ukiwa bado nyumbani, maana Google Play haifunguki China bila VPN.

Malipo nayo yaanzie hapahapa. Kwenye Alipay jisajili kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, piga picha pasipoti, kisha weka kadi yako ya Visa au Mastercard. Tangu 2023 kadi za nje zinakubalika vizuri. Muamala usiozidi yuani 200 Alipay haiukati ada. Ukizidi hapo kuna asilimia 3. Mlo wa mtu mmoja haukaribii yuani 200, kwa hiyo makato utakayoyaona ni ya benki yako kubadilisha fedha.

Inapokwama ni hapa: kadi nyingi hazijafunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni mpaka uombe, na namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini yako ya Tanzania. Nenda tawini ukafunguliwe, washa roaming, na uiache laini hiyo kwenye nafasi ya pili ya simu. Kumbuka pia China iko mbele yetu kwa saa tano. Ukiwa unahangaika na kadi saa sita mchana kule, hapa ni saa moja asubuhi na benki bado imefungwa.

Ukifika, nunua laini ya China kwa pasipoti. Namba yao ina tarakimu 11 na huanza na 1. Tarakimu nne za mwisho zikariri, ikiwezekana kwa Kichina, kwa sababu ndizo zinazokutambulisha. Mleta chakula akipiga atauliza "wěihào duōshao", yaani namba zako za mwisho ni zipi. Karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko nayo huwa na tarakimu hizohizo. Simu yake inaweza kuingia kwa namba usiyoijua, kwani programu huzificha namba za pande zote mbili. Ipokee tu.

Sasa anwani, na hapa tukae kidogo. Fomu ina vipande viwili: alama kwenye ramani, halafu maelezo ya mkono, yaani jengo, ghorofa na chumba. Mgeni huchagua jina la chuo kwenye ramani akadhani kamaliza. Vyuo vingi vya China vina kampasi zaidi ya moja, wakati mwingine pande tofauti kabisa za mji, na jina ni lilelile. Ni sawa na kumwambia boda "nipo UDOM" ukanyamaza, halafu yeye akasimama koleji ya CIVE na wewe uko koleji ya Education, ila huyu wa kule hatageuza. Tafuta jina lenye 校区 (kampasi) na uhakikishe ni yako.

Kisha chagua geti. Kampasi nyingi haziruhusu pikipiki za chakula kuingia, hivyo mfuko unaishia 东门 (mashariki), 西门 (magharibi), 南门 (kusini) au 北门 (kaskazini). Waulize wenzako wa hosteli chakula chao kinaachwa geti gani, uandike hilohilo. Usinakili alama kutoka Google Maps. China inatumia mfumo wake wa ramani, GCJ-02, unaosogeza alama, na unaweza kujikuta mita mia kadhaa kutoka ulipo.

Getini utakuta rafu au makabati ya kielektroniki. Ya kabati, namba ya kufungulia inakuja kwa meseji. Ya rafu ni kujitafutia, na saa sita mchana mifuko imejaa na inafanana yote. Soma karatasi kabla ya kuchukua. Wizi upo, mara nyingine ni mtu kubeba wa mwenzake bila kuangalia, kwa hiyo shuka mapema.

Kwenye kuagiza kuna kitu kimoja kinachowafanya wageni wadhani simu imeganda: kitufe cha kulipa hakibonyezeki. Kila duka lina kiwango cha chini. Ukiona 差¥5起送, maana yake bado yuani 5 kufikia kiwango hicho. Ongeza wali au kinywaji, kitafunguka. Juu ya bei ya chakula kuna ada ya vifungashio na ya usafiri, na kuponi huzipunguza. 满30减5 ni kwamba ukifikisha yuani 30 unapunguziwa 5. Bakshishi hawatoi. Programu itauliza pia idadi ya vijiti vya kulia; ukichagua 无需餐具 hutaletewa vijiti wala kijiko, ukale kwa mkono kama nyumbani.

Sehemu ya maelezo kwa duka andika 不要辣 kama hutaki pilipili. Kwenye mapishi ya Sichuan na Hunan hata 微辣, "kali kidogo", inachoma, na ya Sichuan inatia ganzi mdomoni. Kwa Waislamu na wasiokula nguruwe: neno 肉 likisimama peke yake kwa kawaida ni nguruwe. Kuandika "usiweke nguruwe" hakutoshi, mafuta yake pia hupikiwa. Tafuta duka lenye 清真, yaani halali. Maduka ya tambi za Lanzhou mengi ni ya Waislamu. Ugali sahau, lakini sehemu ya sokoni ya programu hizohizo kuna 玉米面, unga wa mahindi, mara nyingi wa njano, na 秋葵, ambayo ni bamia. Mgogo aliyekosa mlenda ataelewa kwa nini nimetaja.

Wanaokwenda Uturuki wana nafuu: programu ya chakula ya kule, Yemeksepeti, huruhusu kulipa mlangoni kwenye migahawa mingi, ila anwani iwe na mahalle (mtaa), sokak (barabara ya mtaani), namba ya jengo, ghorofa na mlango. Uingereza, bei kwenye programu za chakula kama Deliveroo au Uber Eats mara nyingi iko juu ya ile ya dukani, na oda ndogo ina ada yake. Tena kule ukiambiwa ukodi akaunti ya mtu ubebe chakula, kataa. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, na kazi hiyo inahesabiwa hivyo.

Tukirudi China, mambo yakiharibika, kwanza tazama kilichoandikwa. Alama ya mleta chakula ikienda mbali nawe, anapeleka mizigo mingine kwanza. Ikisema "imefika" na huoni kitu, huenda amebonyeza mapema kukimbizana na muda. Subiri kidogo, kisha piga. Kughairi ni rahisi duka likiwa bado halijapokea oda. Likishapokea, ni mpaka likubali. Kitu kikipungua, piga picha mfuko na karatasi yake kabla ya kula, fungua oda, bonyeza 退款 (kurudishiwa hela) na uweke picha. Kwa kadi ya Tanzania marejesho huchukua siku kadhaa, basi usiagize ya pili kwa kutegemea hela hiyo.