Kilo 31 kabla ya kupasuliwa ngiri

Ngiri yangu ilitokea kwenye kovu la operesheni ya uzazi wangu wa tatu. Mwanzoni ilikuwa kauvimbe kama ndimu chini ya kitovu. Nikilala kanarudi ndani, nikisimama kanatoka. Miaka ikapita, ndimu ikawa chungwa, chungwa likakaribia dafu. Na kazi yangu ni ya kunyanyua. Mimi ni mama lishe huku Temeke, nawapikia mafundi, madereva na wenye maduka. Sufuria la wali, ndoo ya maji ya lita 20, gunia la mkaa, vyote vilipita mikononi mwangu, na kila nikijikaza nilisikia kitu kinasukuma kutoka tumboni.

Februari 2023 nilikwenda kwa daktari wa upasuaji. Mizani ikasoma kilo 118. Urefu wangu ni mita 1.58. Akazidisha urefu kwa urefu, akagawanya uzito kwa jibu lile, ikaja 47. Kipimo hicho cha uzito kwa urefu wanakiita BMI. Akaniambia, "Mama, ngiri hii nitaishona na nitaiwekea wavu wa kuishikilia isitoke. Lakini nikikupasua leo nitakuumiza. Rudi ukiwa chini ya 35." Kwa urefu wangu hiyo ni kilo 87. Nilitoka pale nimenyong'onyea, nikaona kama nimefukuzwa.

Sikufukuzwa. Alinieleza vizuri, ila siku ile masikio yangu yalikuwa yameziba. Mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo yanasukuma wavu na nyuzi mchana na usiku, kwa hiyo ngiri inarudi upya. Mafuta ya chini ya ngozi hayapati damu ya kutosha, ndiyo maana kidonda cha mtu mnene sana huchelewa kufunga na hushika usaha kwa urahisi. Ukiwa kwenye nusu kaputi, uzito unabana mapafu. Na baada ya operesheni damu inaweza kuganda miguuni. Akanikazia jambo jingine ambalo na mimi nakukazia wewe mwenye ngiri: ikitoka ikagoma kurudi, ikauma sana, ikawa ngumu au ikabadilika rangi, ukaanza kutapika, hapo hakuna cha kusubiri kupungua. Unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mimi nikasikia neno moja tu, kilo. Nikataka ziishe kabla ya mfungo. Mtu mmoja akaniuzia chai ya kupunguza mwili, majani kwenye pakiti isiyo na maandishi ya maana. Asubuhi kikombe, usiku kikombe, katikati kabichi ya kuchemsha na matango. Ile chai inaharisha. Nilikwenda chooni mara tano, mara sita kwa siku, nikajiambia mafuta yanatoka. Wiki sita nikapungua kilo 11. Wateja wakanisifia. Nilikuwa nasikia moyo unadunda ovyo nikipanda ngazi tatu tu za kibanda, nikausingizia moshi wa mkaa.

Siku moja mwezi wa tatu nilikuwa nasonga ugali wa mchana, mwiko mkononi, macho yakaingia giza. Mpwa wangu ndiye aliyenidaka, la sivyo ningeangukia jiko. Hospitalini wakakuta potasiamu imeshuka, kwa sababu ya kuharisha na kwa sababu nilikuwa natumia dawa ya presha ile ya kukojoza. Viwili hivyo vikikutana vinaukausha mwili madini yake, na moyo ndio unaolipa. Damu ilikuwa 9.1. Protini ya damu nayo iko chini.

Nilipopelekwa kwa yule daktari wa upasuaji nilidhani atafurahia zile kilo 11. Akaangalia vipimo, akanyamaza kidogo. "Mama, umenipunguzia uzito ukaniletea mwili usioweza kupona. Kidonda hakishonwi na uzi peke yake. Uzi unashikilia tu. Nyama inajiunga kwa protini na damu, na wewe huna." Akaniambia sehemu kubwa ya zile kilo ni maji na misuli, mafuta yenyewe bado yapo. Nililia kwenye bajaji njia nzima.

Kilo nne zikarudi ndani ya mwezi, nikafika 111. Baada ya Idi nikaanza upya, safari hii nikiwa na mtaalamu wa lishe, kijana mwenye umri wa mwanangu mkubwa, ila nilimsikiliza kama mzee wangu. Akaniambia nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja. Anayekonda haraka mno anaweza hata kupata mawe kwenye nyongo, akaishia kuongeza operesheni juu ya operesheni. Nikapiga hesabu: kilo 24 kwa nusu kilo ni karibu mwaka mzima. Akasema, "Mama, ngiri umekaa nayo miaka minane. Mwaka mmoja wa kuiandaa si mrefu."

Hakunipa orodha ya vyakula vya supamaketi. Aliniuliza napika nini kibandani, tukaanzia hapo. Nusu ya sahani mboga: mchicha, matembele, bamia, kabichi. Robo ugali au wali, uliokaa sawa na ngumi yangu. Robo nyingine kitu cha kujenga mwili. Nilitakiwa nifikishe gramu 80 hivi za protini kwa siku, akanifundisha kuzihesabu kwa vitu vya sokoni. Yai moja ni gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 15. Kipande cha samaki cha gramu 100 kinakupa 20. Dagaa wakavu ndio walionishangaza, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mimi dagaa nilikuwa nawapikia wateja wasio na hela ya nyama! Nikawa nawaosha kwa maji ya moto, nawachemsha na nyanya, kitunguu na pilipili hoho, mwisho nakamulia ndimu. Ndimu inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Chai ya rangi inayazuia, kwa hiyo chai niliisogeza saa moja au mbili mbali na chakula. Maini mara moja kwa wiki, na vidonge vya kuongeza damu. Miezi minne damu ikafika 12.

Soda niliacha kabisa, maana chupa moja ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa. Mafuta nikaanza kupima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Tui la kwanza, lile zito, likabaki kwa wateja. Chapati sikuacha, nilikula moja Jumapili, na niliila nimekaa.

Hadi mwezi wa tisa nikawa kilo 98. Halafu mizani ikaganda. Wiki ya kwanza 98, ya pili 98, ya tano 98. Nilikuwa nafuata kila kitu, nikaanza kukata tamaa. Yule kijana akaniuliza, "Mama, unaonja?" Nikamjibu mpishi gani asiyeonja. Akasema kesho chukua bakuli, kila unapotaka kuonja, kiasi hicho hicho weka humo.

Nikachukua bakuli la plastiki la bluu lenye mfuniko. Saa kumi na moja alfajiri, kipande cha kitumbua cha kwanza, kuona kama kimeiva katikati. Kikaingia. Supu, upawa nusu kwa ajili ya chumvi. Maharage ya nazi, vijiko viwili. Kona ya chapati iliyochanika, ambayo mteja huwezi kumpa. Pilau, kijiko, na tena kijiko lilipokauka. Ukoko wa wali uliobaki kwenye ubavu wa sufuria, ule wenye rangi ya dhahabu, nilikuwa naubandua kwa kucha bila hata kujijua. Saa tisa alasiri bakuli lilikuwa limejaa mpaka mfuniko hautaki kufunga. Nikakaa kwenye benchi nalitazama. Ilikuwa sahani nzima ya mteja mwenye njaa, na zaidi, na mimi nilikuwa naila kila siku nimesimama kisha naandika kwamba sijala.

Tangu hapo anayeonja ni mpwa wangu, na mimi naonja ncha ya kijiko cha chai, mara moja kwa kila chungu. Wiki ya pili mizani ikasogea.

Na kuhusu mizani, tumia moja tu. Ya vijana wa barabarani, unayopanda kwa mia chache, na ya hospitali zilipishana kilo tatu kwangu siku moja. Nilichagua ya hospitali, Jumatatu asubuhi kabla sijala. Kujipima kila siku kuliniumiza roho bure, kwa sababu maji peke yake yanakupandisha na kukushusha.

Kutembea nilianza dakika kumi, na mkanda wa tumbo alionipa daktari, alfajiri ya Jumapili ambayo sifungui biashara, nikielekea upande wa Uwanja wa Taifa. Baadaye ikawa dakika arobaini, siku nne kwa wiki, jioni nikishafunga. Mazoezi ya kukunja tumbo nilikatazwa kabisa, yangeisukuma ngiri. Kunyanyua vitu vizito pia. Ndoo na masufuria akachukua mpwa wangu, nikamuongezea posho. Dawa za presha daktari wangu alizipunguza kwa awamu mbili kadiri nilivyopungua. Usizipunguze mwenyewe, wala usianze kula kidogo bila kumwambia daktari kama una kisukari na unatumia vidonge au sindano, maana sukari inaweza kuanguka ghafla.

Kilichoniumiza zaidi ya njaa ni maneno. Mjini hapa mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, akikonda anaulizwa anaumwa nini. Wifi yangu alinivuta pembeni kwenye shughuli, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, umepima?" Nilijua anamaanisha nini. Nikamshika mkono nikauweka juu ya ngiri, nikamwambia, "Hii hapa ndiyo inayonikondesha." Tangu siku ile yeye ndiye anayenipakulia kwenye shughuli zote, mboga kwanza.

Ramadhani ya 2024 iliniingia nikiwa na kilo 90. Niliomba ushauri kabla ya kufunga, muda wa dawa ukapangwa upya. Mtu asiyejua atadhani kufunga kunapunguza mwili, lakini futari yetu ni mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari na maandazi kwa pamoja. Nilifungua kwa tende mbili, maji na uji usio na sukari, nikaswali, ndipo nikala samaki na mboga. Mwezi mzima nilipungua kilo moja, nikamshukuru Mungu.

Mei, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, nilipanda mizani ikasoma 86.8. Damu 12.6. Daktari akaniambia, "Sasa tupange tarehe." Wiki mbili za mwisho akanikataza kupungua zaidi, akataka nile vizuri na nifanye mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni.

Nilipasuliwa mwishoni mwa mwezi huo. Siku iliyofuata nikasimamishwa nitembee wodini, nikikohoa nabana mto tumboni kama nilivyofundishwa. Siku ya kumi na nne nyuzi zilitolewa, kidonda kikavu, hakuna hata tone la usaha. Muuguzi alipobandua bandeji aliniuliza nakula nini nyumbani. Nikamwambia dagaa. Akacheka, akadhani namtania, mpaka nilipomweleza yote hayo.

Leo nina kilo 84. Sufuria la wali bado analitia na kulitoa jikoni mpwa wangu.