Cherehani ya mama: kumbukumbu ya mradi wangu wa Desemba

Jumamosi, 6 Desemba

Leo nimeitoa stoo. Ilikuwa nyuma ya magunia ya mkaa, imefunikwa khanga iliyopauka, miguu yake ya chuma imeshika kutu kwa juu. Ni cherehani ya kukanyaga, ile ile mama aliyotushonea nayo sare za shule hapa Mwanga, Kigoma. Tangu alipofariki, miaka minane sasa, hakuna mtu aliyeigusa. Sote nyumbani tulikuwa tukisema imekufa.

Nia yangu ni hii: watoto wanne wa dada yangu wavae Krismasi nguo zilizotoka kwenye cherehani hii. Kitenge nimeshanunua sokoni, yadi 6, kijani chenye ndege wa njano.

Gurudumu la mkono haligeuki hata kidogo. Nimelishika kwa mikono miwili, limegoma. Mama alikuwa akisema chuma kikikataa usikipige, kiulize. Nimeacha.

Jumapili, 7 Desemba

Siku ndefu na nzuri. Kila Desemba marafiki zangu hukusanyika barazani kwangu, na kila mmoja huja na kilichomharibikia, maana sikukuu ikikaribia ndipo vitu hugoma vyote kwa pamoja. Chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, kisha kazi.

Wifi alikuja na jiko lake la gesi. Maharage yalifurika wiki iliyopita, na tangu hapo moto ni wa njano na masufuria yanatoka na masizi meusi. Jirani yangu, fundi baiskeli, aliuangalia moto mara moja tu: "Wifi, moto wa njano ni moto unaokosa hewa." Akatoa kile kifuniko cha moto, akakiloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, kisha akazibua kila tundu kwa sindano, moja baada ya jingine, na kukikausha kabisa juani kabla ya kukirudisha. Moto ukatoka wa bluu, mfupi, unaovuma. Wifi alipiga vigelegele.

Hapo ndipo fundi akatueleza ya Krismasi iliyopita kwake. Alihisi harufu ya gesi, akawasha kiberiti ili aone inavujia wapi. Nyusi ziliungua na pazia likashika moto, na mtoto alikuwa amelala chumba cha pili. Aliposema hilo la mtoto alinyamaza kidogo. Sasa anatumia povu la sabuni: unalipaka kwenye maungio ya mpira, na penye mapovu yanayovimba ndipo panapovuja. Nimeliandika hapa ili nisilisahau, na naomba kila anayesoma alifanye kabla ya kuanza kupika pilau ya sikukuu.

Mzee wetu, aliyefanya kazi bandarini hadi alipostaafu, alileta karabai. Wavuvi wa dagaa siku hizi wanatumia taa za betri ziwani, lakini yeye yake haitupi. Pampu ilikuwa haishiki upepo. Aliichomoa, akatuonyesha kile kikombe kidogo cha ngozi mwishoni mwa fimbo, kimekauka na kusinyaa kama ganda la chungwa. "Ngozi ikinyauka haiubani tena ukuta wa pampu, upepo unapita pembeni." Akakipaka mafuta, akakifinyanga kwa vidole mpaka kikalegea na kutanuka, akarudisha. Mapigo kumi tu, taa ikaanza kuvuma.

Kisha zamu ya cherehani. Rafiki yangu fundi nguo alikuwa ametoka Ujiji kwa bodaboda. Desemba ndio mwezi wake wa kazi nyingi kuliko yote, lakini alikuja. Kwanza alilegeza kile kifundo kidogo kilicho katikati ya gurudumu la mkono. Gurudumu likazunguka lenyewe, sindano ikabaki palepale. "Gurudumu ni zima," akasema. "Aliyeshikwa yuko ndani." Akaingiza njiti ya kiberiti kwenye tundu la mafuta lililo juu ya kichwa cha cherehani, akaitoa. Ncha ilikuwa na kitu cha kahawia chekundu, kigumu kama nta. Akakisugua kwa kidole, akakinusa, akanipa na mimi.

"Mawese haya, shoga."

Nikakumbuka palepale. Wiki za mwisho za mama, akiwa bado anajilazimisha kushona, aliniambia niitie mafuta cherehani. Chupa ya mafuta yake ilikuwa tupu. Nilichukua mawese jikoni, nikatia kila tundu, nikaona nimefanya jambo jema. Siku chache baadaye ikaanza kuwa nzito, naye akasema labda ni miguu yake iliyochoka.

Sikuweza kusema kitu kwa muda. Rafiki yangu akanishika mkono. Mawese ni chakula chetu hapa Kigoma, hakuna mboga inayonoga bila hayo, lakini si ya mashine: pakipoa yanaganda, na yakikaa muda mrefu kwenye hewa yanageuka gundi. Mafuta mengi ya kupikia nayo yakikaa hugeuka gundi. Mafuta ya cherehani ni meupe, mepesi, hayana harufu, na hayagandi.

Mzee alinitazama akaniambia, "Mwanangu, meli yetu ya Liemba ilikaa chini ya maji." Hadithi hii tunaijua sote tuliokulia hapa, ila leo niliisikia kwa sikio jingine. Meli ile ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa makreti na kuunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani walipozidiwa waliizamisha wenyewe, lakini mainjinia wao waliipaka kwanza mitambo grisi nyingi. Waingereza waliinua 1924, na 1927 ikarudi kazini. "Chuma kilicholala na mafuta sahihi huamka," Mzee akasema. "Hiki chako kimelala na mafuta mabaya. Tuyatoe kwanza."

Jumatatu, 8 Desemba

Mafuta ya taa, kwa unyoya wa kuku, kila tundu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Jioni, nje, mbali na jiko. Nimeacha yalale humo.

Fundi wangu wa Ujiji alinionya jambo moja: nisiguse maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni kwa spiriti. Yeye alisafisha yake kwa spiriti mwaka fulani ili ing'ae kwa sikukuu, na ule ung'avu wa juu ukapauka, maua yakatoka na kitambaa. Yangu nimeyafuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, nimeshinda nayo. Nimeinamisha kichwa cha cherehani nyuma na kuiona kwa chini kwa mara ya kwanza. Gundi imetanda kwenye kila kiungo. Mswaki wa zamani, mafuta ya taa, kitambaa; mswaki, mafuta, kitambaa. Chini ya meno yanayosukuma nguo nimekuta vumbi la pamba lililoshindiliwa likawa kama kipande cha blanketi. Nimelitoa kwa ncha ya sindano. Ndani yake mlikuwa na uzi wa bluu, bluu ya sare zetu za shule. Huo nimeuweka.

Gurudumu bado.

Jumatano, 10 Desemba

Bado. Mvua siku nzima.

Jumamosi, 13 Desemba

Asubuhi jua lilitoka kali. Fundi baiskeli alipita akaniambia niipeleke juani, kwa sababu gundi ya mafuta hulainika ikipata joto. Yeye ndivyo anavyofanya na vitovu vya magurudumu vilivyoganda. Tumekibeba kichwa wawili na kukiweka juu ya bati uani. Saa sita chuma kilikuwa hakishikiki kwa mkono mtupu. Nikatia tena mafuta ya taa, nikakishika kwa kitambaa na kutikisa gurudumu mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila nguvu.

Lilisogea upana wa ukucha. Nikarudisha. Likasogea upana wa kidole. Baada ya nusu saa hivi sindano ilishuka yote, ikapanda yote, na kile kisauti chake, tiki-taki, kikatoka. Dada yangu alikuwa ndani anapepeta mchele. Alikuja mlangoni na ungo mkononi akasimama, hakuuliza kitu.

Kisha nimeifuta yote. Mafuta ya taa yanasafisha lakini hayalainishi, yakikauka yanaacha chuma kikavu kinachojila. Kwa hiyo mafuta ya cherehani, tone moja au mawili kila tundu, halafu nimekanyaga bila uzi robo saa nzima. Uchafu wa kahawia ulikuwa ukichuruzika chini. Nimebadilisha kitambaa mara tatu mpaka kikatoka safi.

Jumapili, 14 Desemba

Mkanda unateleza. Ni wa ngozi, umekauka, na mimi nikakumbuka karabai ya Mzee, nikaupaka mafuta. Ukazidi kuteleza! Miguu inakanyaga, gurudumu la chini linazunguka, la juu limesimama. Mzee aliponiona alieleza kwa upole: ngozi ya pampu kazi yake ni kupita, ngozi ya mkanda kazi yake ni kushika. Ushauri mmoja, mahali pawili, matokeo mbalimbali.

Tumeufuta kwa kitambaa kikavu, tukausugua kwa chaki iliyosagwa ili inyonye mafuta, tukaufupisha kwa kama upana wa kidole, tukatoboa tundu jipya kwa msumari na kuunga kwa kile kikulabu chake cha waya. Fundi baiskeli alikuwa amependekeza kipande cha tyubu, nacho kinafanya kazi, ila mpira unavutika na baada ya siku chache unarudi palepale. Ngozi iliyokatwa vizuri ni bora.

Alhamisi, 18 Desemba

Mshono wa kwanza, mbaya. Juu unaonekana sawa, chini uzi umelundikana kama kiota. Nimeshinda saa nzima nikikaza na kulegeza skrubu ya nyumba ya bobini, kile kibiringo cha uzi wa chini. Mwisho nimempigia simu fundi wangu, naye hakuacha hata nimalize: "Kiota kikiwa chini, kosa liko juu. Inua mguu wa cherehani, ule unaobana nguo, ndipo utie uzi." Mguu ukiwa umeshuka, vile visahani viwili vya kukaba uzi vinakuwa vimefumba, uzi unapita juu juu, hauingii katikati yake. Ukiinua, vinaachia, uzi unakaa ndani.

Pia sindano. Ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi lazima uingilie upande wa mfereji huo. Yangu nilikuwa nimeigeuza, ndiyo sababu mishono mingine ilirukwa. Nimeweka mpya namba 14, inayofaa kitenge. Kwa khaki na jinzi mama alikuwa akitumia 16.

Saa nne usiku: mshono umenyooka, juu na chini sawasawa.

Jumapili, 21 Desemba

Kabla ya kukata nimeloweka kitenge usiku kucha na kukianika. Hili nimelipata kwa wifi: mwaka jana alimshonea mwanawe shati la Krismasi bila kuloweka, likafuliwa mara moja, Mwaka Mpya mikono ikawa imepanda karibu na viwiko. Pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza. Ni bora inywee ikiwa bado kitambaa.

Magauni mawili yamekamilika. Mashati mawili yamekatwa.

Jumatano, 24 Desemba

Umeme umekatika saa moja jioni, na mvua juu yake. Mtaa mzima giza. Cherehani yenyewe haina haja ya umeme, ila macho yangu yana haja ya mwanga, na pindo la shati la mdogo lilikuwa bado. Nikasikia hodi. Mzee amemtuma mjukuu wake na karabai, imefunikwa mfuko wa nailoni, inavuma.

Nimeining'iniza kwenye msumari. Dada amekaa karibu anashona vifungo kwa mkono, wifi anachambua mchele wa kesho. Mdogo amekataa kulala, amejikunja chini ya meza akitazama kikanyagio kinavyopanda na kushuka. Nimemwambia asiingize vidole. Akaniuliza bibi alikuwa anakanyaga kwa mguu upi. Miwili, nimemjibu, wa kulia mbele.

Chupa mpya ya mafuta ya cherehani nimeifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, mahali ambapo hata mgeni ataiona. Shati limeisha saa nne na robo.